Darasa limegawanyika kwa kabila, hedi anataka washikane mikono tu yaishe

SWALI

Habari yako Mwalimu Mstaafu,

Huwa nasoma majibu yako kwa watu wa mambo ya ndoa, mawifi na mashamba, sasa sijui kama shida ya darasani inaingia hapa lakini sina pengine pa kuipeleka manake huku kwetu kila mtu ashachagua upande, hata walimu wenzangu, hata mama anayepika githeri ya shule.

Mi ni mwalimu wa JSS (sekondari ya chini), nafundisha masomo ya jamii na Kiswahili Gredi 7 mpaka 9. Shule iko Bonde la Ufa, kaunti ya Nakuru, upande ule wa Molo na Kuresoi, jina nitaliacha. Kabila langu pia nitaliacha ingawa najua wasomaji mtaanza kubahatisha. Shida iko Gredi 8. Hawa ni watoto wa miaka 13, 14, wamekuwa pamoja tangu chekechea, wamegawana mandazi na kukopeshana kalamu miaka yote hiyo, na sahii wanakaa kwa kabila. Si mimi niliyewapanga. Niliingia Jumatatu moja nikapata madawati yamesogezwa, jamii moja imekaa upande wa dirisha, ingine upande wa ukuta, na katikati wameacha nafasi unaweza kupitisha bodaboda. Wale wachache ambao si wa huku wala kule, kuna Waluhya, Wakisii na msichana mmoja Mturkana, wamebaki nyuma wanaangalia tu.

Kilichotokea ni hivi, Ijumaa kabla ya hiyo Jumatatu walikuwa kwa mfereji wakati wa breki wamepanga laini, kijana mmoja wa hapa sokoni akamwambia mwenzake wa ng'ambo ya mto "we mfagia choo ngoja zamu yako", yule naye akajibu "nyinyi ni watu wa kuja, iko siku mtarudi kwenu". Wewe unajua hayo maneno yana uzito gani huku. Walipigana, jino likang'oka, wengine wakaingilia kila mtu akitetea wake. Hiyo ya kufagia choo inatokana na kwamba wanafunzi wanaochelewa ndio husafisha vyoo na wale wa ng'ambo ndio huchelewa sana, mto ukijaa inabidi wazungukie daraja la mbali, lakini hiyo ni sheria ya shule ya kitambo haikutungiwa mtu.

Hedi aliwaita wote wawili mbele ya paredi, akawachapa, akawaambia washikane mikono, tukaimba wimbo wa taifa, akasema sisi sote ni Wakenya na hilo jambo limeisha. Halikuisha. Nikaona labda michezo itawaleta pamoja, nikaandaa mechi ya amani na kuwaachia wajipange timu wenyewe, basi wakajipanga vile tu unavyofikiria, na kufika hafutaimu mawe yalikuwa yanaruka. Sahii vita vimehamia kwenye group ya WhatsApp ya wazazi, watu wazima wanarushiana voisi za matusi usiku wa manane. Viranja wanasikizwa na upande mmoja tu, kiranja wa darasa na msaidizi wake wote ni wa sokoni manake ndio hufika mapema kufungua darasa.

Alafu nyanya ya mmoja wa wale vijana alikuja kuniona. Hakupiga kelele. Aliniambia kwa upole kabisa, mwalimu usiwafundishe wajukuu wetu siasa, mzee wangu alienda 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu. Nililala na hayo maneno.

Na mi mwenyewe ni wa jamii ya wale wa sokoni. Kuna msichana wa ng'ambo, mwerevu sana, alikuwa ananiletea insha zake nimsomee hata zile hazikuwa za kazi ya darasa, siku hizi hanisalimii, nilipomuuliza akasema "si we pia ni wao".

Muhula ujao nafaa kufundisha mada ya haki za binadamu na utatuzi wa migogoro. Hedi anasema niruke mambo ya 2008, niseme tu amani ni nzuri. Nifundishe ama niruke? Hawa watoto nitawarudishaje pamoja? Ama niombe tu TSC, tume ya walimu, uhamisho niende zangu?

Mwalimu wa Gredi 8, Bonde la Ufa

JIBU

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Mambo ya shule yanaingia hapa vizuri tu, mawifi watangoja wiki moja.

Barua yako nimeirudia na kila nikiisoma nasimama palepale, penye ile sheria ya vyoo. Umeitaja katikati ya mambo mengine kama mtu anayepita njia, ukasema ni ya kitambo na haikutungiwa mtu. Ni kweli haikutungiwa mtu. Lakini hebu iangalie vile mtoto wa miaka 13 anayeishi ng'ambo anavyoiona. Anaamka saa kumi na moja, anazunguka daraja la mbali, anafika amelowa, anapewa fagio. Mwenzake wa sokoni anaamka saa moja kasoro, anafika amekauka, anapewa ukiranja. Na kwa vile makazi ya huko kwenu yamekaa kijamii, wanaofagia wote ni wa kabila moja na wanaosimamia ni wa lile lingine. Hakuna aliyepanga hivo lakini ndivyo ilivyo, kila siku ya shule, mbele ya macho yao. Alafu tunashangaa neno "mfagia choo" limetoka wapi! Limetoka kwa ratiba yenu.

Kwa hivyo hao watoto hawakugombania 2008. Waligombania choo na mfereji, hiyo ya "mtarudi kwenu" ni silaha tu ambayo yule kijana wa ng'ambo aliikuta nyumbani iko tayari, imenolewa na watu wazima, akaichukua. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa wakati ule. Ukihangaika na silaha ukaacha kinachowachokoza kila asubuhi, utawanyang'anya hiyo watafute ingine.

Ndiyo maana kushikana mikono hakukusaidia. Yule wa ng'ambo alishikana mkono Jumatatu na Jumanne akapewa fagio. Hapo amani inakuwa ni kuambiwa unyamaze, na watoto wa umri huo wana pua ya kunusa uonevu kuliko sisi, wa miaka saba utamdanganya na peremende, wa kumi na tatu hapana. Tena hedi mwenyewe akiusikiza huo wimbo anaowaimbisha ataona haki imetajwa kabla ya amani. Na kuhusu kiboko, mkumbushe faraghani, si mbele ya walimu, kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 imekataza adhabu ya viboko pamoja na kumdhalilisha mwanafunzi kiakili. Mwalimu anayetatua kesi ya kupigana kwa kupiga anafundisha somo pia, sema si lile analodhani.

Sasa mechi yako. Usijilaumu, wengi hufikiria hivo. Kuna mtafiti mmoja Marekani, Muzafer Sherif, mwaka 1954 alichukua vijana wa miaka kama 11 hivi akawapeleka kambini Oklahoma mahali panaitwa Robbers Cave, akawagawa makundi mawili. Walikuwa hawajuani, wote wa tabaka moja, rangi moja, dini moja. Akawapa mashindano ya zawadi. Ndani ya siku chache walikuwa wanachomeana bendera na kuvamiana mabandani. Alafu akajaribu kuwapatanisha kwa kuwakalisha pamoja tu, kula pamoja, kutazama filamu pamoja, na badala ya kupatana wakarushiana chakula. Kilichosaidia ni pale maji ya kambi yalipokatika, lori likakwama, na hakuna kundi lililoweza peke yake, ikabidi waungane. Kukutana peke yake hakutoshi, na mashindano ndo kabisa, ni kumwagia moto petroli. Kitu kingine kwenye hiyo hadithi ambacho watu husahau ni kwamba uhasama wenyewe ulitengenezwa na wale wakubwa waliosimamia kambi. Lakini Sherif alikuwa na bahati moja ambayo wewe huna, vijana wake walikuwa sawasawa, hakuna kundi lililokuwa linafagia choo cha lingine. Kwako kwanza lazima hilo litoke.

Nitakuambia ningeanzia wapi. Chukua rejista ya wanaochelewa ya muhula mzima uwape darasa lote waifanyie kazi, mshirikishe na mwalimu wa hisabati. Wasihesabu kabila kabisa, hilo neno lisitajwe. Wahesabu umbali. Kila mtoto achore njia yake kutoka mlangoni kwao mpaka geti la shule, aandike inachukua muda gani mvua isiponyesha na ikinyesha, kisha waangalie nani amechelewa mara ngapi. Changanya vikundi wewe mwenyewe, safari hii usiwaachie, kila kikundi kiwe na wa ng'ambo, wa sokoni na hao wa katikati. Ramani yenyewe haiwezi kukamilika kama mmoja hajatoa njia yake, kwa hiyo watalazimika kuulizana. Yule kijana wa sokoni atagundua mwenyewe, kwa hesabu yake mwenyewe, kwamba mwenzake anatembea saa nzima na yeye dakika tano. Hakuna hotuba itakayomfikisha hapo.

Wakimaliza waandike barua moja, darasa zima, kwa hedi na kamati ya shule, BOM, wakipendekeza kitu. Sijui watapendekeza nini na wewe usiwaambie. Labda zamu ya vyoo iwe ya watu wote kwa wiki, labda siku za mvua wa mbali wasihesabiwe wamechelewa, labda ukiranja uzunguke kila muhula. Wakikubaliwa hata moja tu, watakuwa wameshinda kitu pamoja. Wakiwa na nguvu za kuendelea kuna lile daraja, hilo ni la MCA, diwani wenu, na serikali ya kaunti na barua ya watoto yenye ramani na hesabu si rahisi kuipuuza kama malalamiko ya mdomo. Mimi hapo ndipo ninapoona masomo ya jamii yanakuwa masomo kweli.

Unajua haya mambo si ya kuiga vitabu vya wazungu tu, hapa Kenya tuna mfano ambao ukiuliza darasa lolote la huko kwenu hakuna atakayeujua. Wajir, mwanzoni mwa miaka ya tisini, koo zilikuwa zinauana, ukame juu, silaha zimemwagika kutoka Somalia baada ya serikali ya kule kuanguka. Wanawake wachache, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi, walianza na kitu kidogo mno. Soko. Walitaka mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza maziwa na kununua unga bila kunyimwa wala kufukuzwa. Wakaweka kamati ya kuliangalia hilo soko, mtu akionewa kesi inafuatwa. Hawakuanza na mkutano wa viongozi wala maombi ya kitaifa. Baadaye ndio wakawafuata wazee, na ili wazee wa koo kubwa wakubali kuketi, walitumia wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwa vitani wawe ndio wasuluhishi. Mwaka 1993 ukapatikana mkataba wa amani kati ya koo, Azimio la Al-Fatah. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood 2007, na nchi ilipowaka mwisho wa mwaka huohuo alikuwa kwenye kundi la Concerned Citizens for Peace pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali Sumbeiywo na Opande, waliokutana Nairobi wakati wengine bado wanakimbizana mapanga. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Nimekusimulia yote hayo kwa sababu ya wale watoto wako wa nyuma, wanaoangalia tu. Hao ndio koo zako ndogo. Vikundi vikikaa kujadili, wenyekiti watoke kwao. Lakini chunga usimtwike yule msichana Mturkana peke yake mzigo wa darasa zima, waweke wawili wawili, na waulize kwanza kama wanataka, anayekataa amekataa.

Hapohapo nikuonye kuhusu huu mtindo wa wanafunzi kusuluhisha wenzao. Ni mzuri wakigombania kiti, mpira, simu. Si mzuri mtoto mmoja akiwa anatukanwa kila siku na kundi. Hapo hakuna pande mbili za kukutanisha, kuna anayeonea na anayeonewa, na ukimkalisha aliyeonewa mezani "wapatane" unamwonea mara ya pili. Hiyo ni kazi yako na ya hedi, na watoto wajue kuna namba ya simu ya bure 116 ya kusaidia watoto, ibandike ukutani.

Sasa la 2008. Mi nasema fundisha, ila usianzie hapo. Anza mbali na nyumbani ili vichwa vifanye kazi kabla damu haijachemka. Wape Wajir. Alafu wape mjadala wa Azimio la Modogashe la 2001, ambapo wazee wa kaskazini walikubaliana fidia ya mtu akiuawa, mwanamume mifugo 100, mwanamke 50. Waulize, je hii ni amani? Ilisaidia kuzuia visasi? Na mbona mama yako ni nusu ya baba yako? Hakikisha umejiandaa maana wasichana watalichukua hilo swali na halitarudi, hata yule mwerevu aliyekununia sidhani ataweza kunyamaza. Hapo wataona wenyewe kwamba watu wanaweza kuacha kupigana na bado kukawa na asiyetendewa haki, na wataona bila kutajiwa jina la mtaa wao.

Ukifika nyumbani, nenda na historia yote, usianze na siku ya uchaguzi tarehe 27 Desemba 2007. Anza na ardhi. Wakoloni waliwaondoa watu kwenye nyanda za juu wakazifanya za wazungu, wakaleta wengine kuwa vibarua, na baada ya uhuru mashamba yakagawanywa na kuuzwa bila kurudi nyuma kuuliza nani aliondolewa wapi, kwa hivyo familia mbili zinaweza kuangalia shamba moja na kila mmoja akawa na hadithi ya kweli, huyu babu yake alifukuzwa pale, yule babu yake alilinunua kwa jasho. Kisha mapigano yaliyoanzia shamba la Miteitei kule Nandi Oktoba 1991, wakati wa kupigania vyama vingi, yakafika Molo kwenu 1992. Wakifika 2008 watakuwa washaona kwamba kila moto una mtu mkubwa wa kisiasa anayefaidika akiota, na wanaoungua ni wale wasio na lori la kuhamia.

Na hapo kuna sheria moja usiivunje. Ukitaja kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lililochomwa tarehe 1 Januari 2008 na wanawake na watoto ndani, siku hiyohiyo, kipindi hichohicho, utaje na Naivasha tarehe 27 Januari ambako watu wa upande mwingine walichomewa nyumbani. Kengele isilie ukiwa umefika nusu! Mtoto anayetoka darasani na nusu ya hiyo hadithi ataimalizia nyumbani, na unajua itamaliziwa vipi. Wape na idadi ya Tume ya Waki iliyochunguza vurugu hizo, waliokufa zaidi ya 1,100, na mkataba wa kuzimaliza uliosimamiwa na Kofi Annan tarehe 28 Februari 2008. Picha za maiti usionyeshe hata kama ziko kwa simu za watu.

Kazi ya nyumbani pia iwe makini. Usiwatume wakaulize "nani alitushambulia". Watume, wale wanaotaka tu, wakaulize "ulijificha kwa nani" au "ni nani mlimficha". Huko Bonde la Ufa nyumba nyingi zina hilo jibu, jirani wa kabila lile lingine aliyefunika watu na magunia ya mahindi, dereva aliyedanganya kwenye kizuizi, na watoto hawajawahi kuambiwa kwa sababu hayo hayasemwi kwenye mikutano. Lakini kumbuka wengine hapo wazazi wao ndio walibeba petroli. Mtoto akisema hana cha kuleta, usimuulize kwa nini.

Huyo nyanya sasa. Umemsikia anakataza siasa, mi nimemsikia anasema hakuna aliyemuuliza kitu. Nenda kwake, chukua sukari na majani, ukae. Usiende kuomba ruhusa ya somo. Hao ndio watu waliopitia Operesheni Rudi Nyumbani ya Mei 2008, serikali ikiwarudisha makwao waliokimbia vurugu, shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga nyumba iliyochomwa, na si wote waliopata, kuna waliokimbilia kwa ndugu zao hawakuhesabiwa kama wale wa kambini. Tume ya ukweli na maridhiano ikakusanya ushahidi, ripoti ikakabidhiwa kwa rais Mei 2013, na mengi ya mapendekezo yake yamelala kwenye karatasi mpaka leo. Kwa hivyo anapokuambia usiamshe haya mambo, ana sababu, kila aliyeyaamsha alimwacha hapo. Msikilize tu. Asipotaka kuja darasani asije, na hata akitaka usimlete kabla hamjaketi mkakubaliana ataulizwa nini na hataulizwa nini.

Kuhusu wewe kuwa "wao". Usimbishie huyo msichana. Usimwambie "mi sina kabila", hakuna mtu huko anayekosa kabila na yeye anajua. Mwambie ndiyo, mi ni wa jamii hiyo, na nimeona ile mambo ya vyoo haikuwa sawa na nimeipeleka kwa hedi. Inatosha, mwache. Insha zitarudi zikirudi. Na vile vipindi vya historia tafuta mwalimu wa jamii ya ng'ambo mfundishe wawili, msimame mbele pamoja, mkitofautiana kwa heshima mbele yao ndo vizuri zaidi, nadhani wengi wao hawajawahi kuona watu wazima wa makabila hayo mawili wakibishana bila kutukanana.

Ile group ya WhatsApp usiingie kujibizana. Mwombe admini aifunge iwe ya matangazo tu ya shule, na mwenyekiti wa wazazi akumbushe watu kwamba kuchochea chuki ya kikabila ni kosa la jinai tangu ile sheria ya uwiano na utangamano ya 2008, na voisi ni ushahidi. Wakitulia waite kikao cha mchana, ana kwa ana, ajenda iwe barua ya watoto na ramani yao. Mzazi aliyekuwa anatukana usiku akionyeshwa mstari wa njia aliouchora mtoto wake mwenyewe huwa anapunguza sauti.

Kwa hedi nenda na hiyo rejista mkononi pamoja na tarehe moja, 10 Agosti 2027, uchaguzi mkuu. Sidhani anataka madawati yawe yamekaa hivo hiyo tarehe ikifika. Mwambie mada imo kwenye mtaala, humwombi ruhusa ya siasa unaomba ya kufundisha kilichoandikwa, na kama anataka kuketi nyuma asikilize karibu. Akitaka pia kuanzisha klabu ya amani sawa, zinasaidia zikiwa na kazi ya kufanya, nyingine nimeona zinaishia kuchora njiwa ukutani na kuvaa fulana siku ya wageni. Huyo njiwa mwacheni kwanza, shughulikieni vyoo.

Uhamisho. Kwa sasa mi ningebaki, kwa sababu ukienda wataandika jina lako kwenye orodha ya wale waliokimbia na upande mmoja utashangilia. Lakini hiyo ni ushauri wa mtu aliyekaa kwake anakunywa chai. Ukianza kupigiwa simu za vitisho, au mtu akija kuzungukazunguka nyumba yako usiku, piga ripoti polisi upate namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, omba uhamisho siku hiyohiyo, na nakala ya barua umpe mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo akutilie sahihi kwamba ameipokea.

Mwalimu Mstaafu